Mwaka Nakisi Ilipopungua

Mama yetu alikuwa akisema kwamba baba ana mke wa pili, na mke huyo anaitwa Nakisi. Aliyasema hayo mbele ya wageni, mbele ya wakwe, hata mbele ya katekista aliyekuja kutubarikia nyumba, wala hakuona haya. Kila mwezi wa sita, alisema, huyo mwanamke lazima aingie humu ndani, na akishaingia mimi sina mume. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu mpole asiyejua kujibu mapigo, basi alicheka tu huku akipangusa vumbi kwenye redio. Siku ya hotuba ya bajeti nyumba yetu iligeuka. Hakuna kutwanga, hakuna kuita kuku, na mtoto akilia anapelekwa kwa jirani.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Usoke, magharibi ya Tabora, kwenye njia ile ile ambayo zamani misafara ilipita kwenda Ujiji. Siku hizi wanaopita ni malori ya tumbaku na treni ya Kigoma. Nilikuwa darasa la nne nilipomuuliza baba huyo Nakisi ni nani hasa. Akanieleza taratibu, kama alivyoeleza wanafunzi wake: serikali imepanga kutumia kiasi fulani, kodi zinazoingia hazifiki hapo, na kile kinachopelea ndiyo nakisi. Nikamuuliza kinachopelea kinatoka wapi. Akasema kinakopwa.

Jamani, nilishtuka. Kwangu mimi serikali ilikuwa ni treni, ni askari mwenye kofia, ni mkuu wa wilaya aliyekuja na gari lisilo na vumbi. Mwenye treni anakopaje? Nyumbani kwetu kukopa kulifanywa kwa mlango wa nyuma, bakuli limefichwa ndani ya kanga, na ukirudi unaambiwa usimwambie mtu tumekopa chumvi. Na huku serikali inasimama redioni, mchana kweupe, inataja deni lake na wabunge wanapiga meza kwa furaha. Nilikaa siku kadhaa nikiwatazama watu wazima kwa mashaka.

Baadaye nilizoea. Nilikua nikiijua historia ya nakisi ya nchi hii kama watoto wengine wanavyojua hadithi za fisi na sungura, maana baba alikuwa akiisimulia tukikata viazi vya michembe, vya kuanika juani, tukipukuchua mahindi, tukiwa njiani kwenda kanisani. Alianzia ujana wake, alipokuwa akisomea ualimu Tabora. Miaka ile, alisema, pengo lilikuwa dogo na matumaini yalikuwa makubwa, kila kitu kilianzishwa kwa pamoja, shule, visima, viwanda. Kisha mafuta yakapanda bei duniani, mvua zikakata, ikaja vita ya Kagera, na tulipotoka vitani pengo lilikuwa korongo. Noti zilichapwa na dukani hamna kitu. Mama alifulia majani ya mpapai, na sukari ilipoletwa kwa mgawo watu walipanga foleni kwa kuweka mawe, kila mtu na jiwe lake, wao wakaenda shamba.

Halafu wakaja wakopeshaji kutoka nje na masharti yao. Baba alipofika hapo sauti ilimshuka. Shilingi ilishushwa thamani, mshahara wake ukawa haununui hata viatu, wenzake wakapunguzwa kazi wakiwa bado na nguvu zao. Hospitali tukaambiwa tuchangie, shule tukaambiwa tulipe. Hiyo ya shule naikumbuka mwenyewe, maana mtoto wa mwalimu nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, na aliyenirudisha ni yeye baba, aliyekuwa zamu siku hiyo. Nilimnunia wiki nzima. Miaka ilipita, yakaja matangazo kwamba madeni yamesamehewa, watu wakashukuru mpaka kanisani, na baba akadhani sasa basi, tumepumua. Mwezi wa sita ulipofika nakisi ikasomwa kama kawaida. Ikaja mikopo ya masharti nafuu, ikaja ile ya riba kubwa, ya barabara, ya reli, ya umeme.

Siku moja, mimi sasa mtu mzima nimeshaolewa, nilimuuliza kwa utani ni mwaka gani hasa hela zilitosha. Alifikiri muda mrefu kweli. Akasema hajawahi kuusikia huo mwaka, labda ni ule ambao betri zilimwishia kabla hotuba haijafika mwisho.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maisha yake yote! Mtu amezaa, amesomesha, amestaafu, na hajapata kusikia hata mara moja kwamba kilichopo kinatosha. Nilimwonea huruma kwa sababu nilijua yeye hakusikiliza kwa kujifurahisha. Alikuwa akingoja. Aliniambia siku hiyo hiyo kwamba hana tamaa kubwa, hadai kusikia zimetosha. Angependa tu kabla hajafa asikie kwamba pengo limepungua kweli, siyo kwa maneno, ili ajue wajukuu zake hawatarithi deni.

Wajukuu wenyewe aliokuwa akiwawaza ni wa mdogo wangu, ambao walikuwa bado hawajazaliwa. Mimi wanangu ni wakubwa, niko nao Gongoni, Tabora mjini, nina cherehani mbili na duka dogo la vitenge. Mdogo wangu ndiye aliyeolewa hapo hapo kijijini, hatua chache kutoka kwa wazazi, na alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Nisiseme sana yaliyompata. Alitukanwa kisimani, alinyweshwa dawa za kila namna, mawifi walimletea mumewe majina ya wasichana. Kisha mwaka ule, wakati hakuna anayetegemea tena, akashika mimba. Mama alinipigia simu akilia mpaka nikadhani kuna msiba.

Na mwaka huo huo, baada ya bajeti, diwani alikuja kijijini na habari njema. Zahanati yetu imeingia kwenye bajeti ya serikali. Itajengwa upya, iwe kituo cha afya chenye wodi ya wazazi, na Bunge limeshapitisha. Vigelegele vilipigwa, nasikia, mpaka mbuzi walikata kamba.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo mtatuona wajinga. Mkulima wa tumbaku hupeleka belo zake, yale marobota ya majani makavu, kwenye soko la chama cha msingi cha ushirika. Pale husimama mteuzi, anachomoa jani, analigeuza, analinusa, anataja daraja. Akishataja, imekwisha. Hela haipo siku hiyo, pengine hata mwezi huo, lakini ni yako, imeshajulikana. Hapo ndipo mtu anapoagiza bati, anapomtolea kijana mahari, na wengi siku ya pili yake wanavunja nyumba ya zamani ili wajenge mpya kiangazi hicho hicho, kwa sababu mvua zikianza kila mkono uko shambani na hakuna wa kukubebea hata tofali. Hela huchelewa, watu hutukana, lakini huja. Tumeishi hivyo tangu mababu walipoanza kulima hilo jani.

Basi mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema, bajeti ikishapitishwa ni belo iliyokwisha kutajwa daraja. Kila mtu akaelewa. Wakaona wasipoteze kiangazi. Zahanati ya zamani ilikuwa imekaa penye kiwanja kizuri, kuta zina nyufa, na matofali yake mengi bado mazima, yangefaa kwa msingi mpya na yangehesabiwa kuwa mchango wa wananchi. Kabla ya kuamua wakamgeukia baba, maana ni mwalimu na anajua mambo ya bajeti. Wakamuuliza, hela ipo?

Baba hakudanganya. Hajui kudanganya. Aliwaambia haitoshi, haijawahi kutosha, yeye kaisikiliza hotuba mpaka mwisho na nakisi imetajwa kama miaka yote. Lakini, akasema, miaka yote pengo hilo huzibwa kwa mkopo na mambo yanaendelea. Huo ndio uliokuwa ukweli wote alioujua, aliokusanya tangu ujana. Wakamshukuru, na wiki iliyofuata wakabomoa.

Mimi nilikuwa Gongoni nashona sare za shule, sina habari. Nilipokwenda kusalimia, mwezi wa kumi, nilishuka kwenye pikipiki pale penye zahanati nikasimama kama niliyepotea njia. Palikuwa na kiwanja cheupe kimefagiwa, na matofali yamepangwa vizuri pembeni, safu kwa safu. Mlango umeegemezwa kwenye mti. Nilimuuliza mwenye pikipiki kama kumetokea moto. Akacheka, akasema hapana mama, maendeleo.

Mimi hasira zangu zinajulikana. Sikwenda kwanza nyumbani, nilikwenda kwa mwenyekiti, nikampa shikamoo kwa meno yaliyofungwa, akaitikia marahaba mwanangu na kuniletea kiti. Nikamuuliza mdogo wangu atajifungulia wapi. Akasema nisiwe na wasiwasi, muuguzi yupo, kahamishiwa kwenye ghala la chama cha msingi, ni kubwa, ni safi, tumbaku yote imeshasafirishwa, na soko likifunguliwa tena kituo kipya kitakuwa kimeshasimama. Nikamuuliza hela imefika? Akaniambia kwa upole kabisa, kama anamwelimisha mtu wa mjini, kwamba imeshapitishwa. Nilirudi nyumbani, nikamgombeza hata mama ambaye hakuwa na kosa.

Tukakubaliana hivi: mdogo wangu atakuja kwangu Gongoni baada ya Krismasi, akae karibu na hospitali mpaka siku zake zitimie. Nikamtandikia chumba. Nikamshonea na gauni la kunyonyeshea, la kitenge cha maua, nikatia vifungo mbele.

Uchungu ulimshika kabla ya Krismasi. Bahati, au sijui niite nini, mimi nilikuwa nimeshafika kijijini kuwaletea wazazi mchele wa sikukuu. Ilikuwa asubuhi, mawingu meusi upande wa Urambo. Tulimpeleka ghalani tukitembea, yeye katikati, mama na mimi kila upande, na njiani alikuwa akicheka. Anasimama, anafumba macho, ikipita anacheka. Niliona uso wake ukiwa wa kitoto kabisa, nikasema moyoni haya, Mungu amekumbuka.

Ghala lilikuwa safi kama alivyosema mwenyekiti, ila harufu ya tumbaku ilikuwa imeingia mpaka ukutani. Kitanda cha kujifungulia kiliwekwa pale belo zinapopimiwa. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Nzega, mtu makini asiye na maneno mengi. Alimpima, akanawa, akachukua kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akainamisha sikio. Akatabasamu. Alisema mtoto yuko vizuri, moyo unapiga sawasawa, na kazi inakwenda. Akaahidi kusikiliza kila baada ya muda mfupi.

Kisha mvua ikaanza.

Ghala halina dari. Ni bati tupu, refu, juu ya vichwa vyetu, na nani angeweka dari juu ya tumbaku? Mvua ya kwetu ikipiga bati tupu hamsikilizani hata mkizungumza mdomo kwa sikio. Muuguzi alirudi na kipembe chake, akainama. Akainua kichwa, akatupa ishara ya mkono tunyamaze. Hakuna aliyekuwa akisema. Mama alikuwa ameshika rozari, mimi nimeshika mkono wa mdogo wangu, na yeye mwenyewe alikuwa ameuma kanga. Akainama tena, akaziba sikio la pili kwa kidole. Akasogeza kipembe kushoto, akasogeza chini. Nilimtazama uso nikaona anavyojaribu, macho ameyafumba, na bati linaunguruma juu yetu. Alipoinuka nilimsogelea nikampigia kelele sikioni, vipi? Akanijibu kwa kelele vile vile.

"Sisikii. Ni mvua hii. Kule zahanati kulikuwa na dari."

Alifanya yote yaliyowezekana, sitaki mtu amseme. Alipiga simu kuomba gari, akaambiwa limo njiani, na mbuga kati yetu na barabara ilikuwa imeshajaa maji. Trekta la chama lilikuwepo. Lakini kumpakia mwanamke mwenye uchungu kwenye trekta ndani ya mvua ile ni hatari yenyewe, na muuguzi asingeweza kuamua hivyo bila sababu, na sababu ingetoka kwenye kile kipembe. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Njia ilikuwa inafunguka, mzazi mwenyewe ana nguvu. Kila baada ya muda aliinama tena, akaziba sikio, akainuka akitikisa kichwa. Saa zikapita namna hiyo.

Mvua ilikatika alasiri, ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Pakawa kimya mpaka tukasikia maji yakichuruzika kwenye mabati. Mdogo wangu akasema, akitabasamu kwa uchovu, afadhali, sasa tutasikilizana. Muuguzi alichukua kipembe haraka, akainama. Safari hii alikaa muda mrefu. Akakihamisha, akasikiliza. Akakihamisha tena. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda na nilimwona alipofumbua macho, akakiweka kipembe chini.

Alikuwa mtoto wa kike. Mzima wa kila kiungo, nywele nyingi, kucha ndefu, ila hakulia. Mama alimwogesha na kumvika kama watoto wote wanavyovikwa. Mdogo wangu alimpakata mpaka jioni na hakuna aliyethubutu kumwambia amtoe. Baba alikuja na mwavuli akasimama mlangoni pa ghala, akaingia, akamwangalia mjukuu wake, akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, kwa nini hawakusikia mapema. Nikamweleza habari ya bati. Akainua uso akalitazama lile paa.

Hela ya kituo haikuja. Tuliambiwa fungu halijashuka, tukaambiwa litashuka robo ya pili, kisha robo ya tatu. Mwenyekiti alienda wilayani mpaka nauli ikamwishia. Majani yakaota kwenye kile kiwanja kilichofagiwa na watoto wakawa wanalishia mbuzi. Soko la tumbaku lilipofunguliwa, muuguzi alihamishwa kutoka ghalani akapewa chumba kwenye ofisi ya kijiji. Kule kwa belo tulizoea hela kuchelewa, kwa hiyo hata wakati huo bado kuna waliosema inakuja tu, imeshapitishwa.

Ukafika mwezi wa sita. Nilikuwa najua baba hasikilizi tena redio, mama aliniambia tangu siku ile haishiki. Kumbe hotuba aliisikiliza. Nilikuwa dukani napima kitenge cha mteja alipopiga simu, na sauti niliyoisikia sikuwa nimeisikia tangu mvua ile. Ilikuwa sauti ya kijana. Aliniuliza kama nimesikia. Nakisi imepungua! Siyo kwa maneno, wametaja kiwango, imeshuka kuliko miaka mingi iliyopita, na mikopo mipya imepunguzwa. Alikuwa anahema. Aliniambia mwanangu, nimeishi mpaka nimeusikia mwaka huu. Nami nilifurahi, sitaficha, nilifurahi kwa ajili yake. Nilimwambia hongera baba, mteja akadhani baba yangu ameoa.

Wiki chache baadaye wafanyabiashara wa mjini tuliitwa kwenye semina ya kodi, kwenye ukumbi mmoja hapo Tabora. Mtoa mada alikuwa kijana kutoka makao makuu, ana adabu, aliwapa shikamoo wazee wote mmoja mmoja. Alitumulikia picha ukutani, mistari inayoshuka, akatueleza kwamba mafanikio makubwa ya mwaka uliopita ni kupunguza nakisi. Mimi nikamkumbuka baba. Nikaona nimpelekee zawadi, yaani maelezo kutoka kwa mjuzi mwenyewe. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa heshima wameipunguzaje, maana mzee wangu ameingoja habari hii tangu ujana.

Alifurahi kuulizwa. Akasema kodi imekusanywa vizuri zaidi, asanteni nyinyi wafanyabiashara. Watu wakacheka. Halafu akasema sehemu kubwa imetokana na nidhamu ya matumizi. Badala ya kukopa ili kuziba pengo kama zamani, safari hii hela ya miradi ambayo ilikuwa haijaanza haikutolewa. Miradi ya maji, shule, vituo vya afya. Akaona labda hatukuelewa, akaongeza kwa upole kwamba uamuzi huo haukumuumiza mtu, kwa sababu miradi yenyewe ilikuwa bado haijaanza.

Nilibaki nimesimama, mkono bado uko juu. Mwaka ule mmoja! Miaka yote walikopa, tukaishi na dari juu yetu, na mwaka waliopata adabu ndio mwaka tuliobomoa. Nikamwambia.

"Wetu ulikuwa umeanza. Tulikuwa tumeshabomoa."

Yule kijana alinitazama, akasema pole mama, kisha akaeleza kwamba kwao mradi huhesabiwa umeanza siku mkandarasi anapofika eneo la kazi. Alisema kweli, nadhani. Sikuwa na ugomvi naye. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, chakula cha semina sikukila, na watu walionijua pale walishangaa.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Usoke. Njia nzima nilikuwa najibishana na nafsi yangu. Nisimwambie. Mzee ana furaha moja tu iliyobaki, nimwachie. Nilikuwa nimeshakata shauri nitanyamaza, nikaingia uani nikawakuta wanabangua karanga, baba kwenye kiti chake, mama kwenye mkeka, na mdogo wangu pembeni akipepeta. Siku hizi huja kila siku kuwasaidia kazi. Niliwapa shikamoo, wakaitikia, nikaletewa maji. Baba hakuningoja hata nimalize kikombe. Alikuwa amesikia kutoka kwa mama kwamba nilikwenda kwenye semina na kuonana na wakubwa wa bajeti. Alivuta kiti, macho yanamng'aa.

"Hebu nieleze. Wameipunguzaje?"

Mtu amekungoja hivyo, unamdanganyaje? Nilimweleza kama nilivyoelezwa, taratibu, neno kwa neno, kwamba safari hii pengo hawakulikopea, waliacha kutoa hela ya miradi ambayo ilikuwa haijaanza. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuelewa, mwalimu wa hesabu, anafuata kila hatua. Kisha kichwa kikasimama. Akaniangalia.

"Na zahanati?"

"Na zahanati, baba."

Karanga alizokuwa nazo mkononi zilimponyoka. Baba aliitazama mikono yake yote miwili, akaigeuza, kama siyo yake.

"Siku ile nilipiga makofi," akasema. "Niko peke yangu chumbani. Nilisimama, nikapiga makofi."

Mdogo wangu aliendelea kupepeta. Hakuinua uso.

"Nilikusikia, baba," akasema. "Nikafurahi kwamba umefurahi."